Maneno yafike safu ya nyuma: shajara ya prosesa ya sauti, Tanga

2 Juni

Jana tulipiga taarabu kwenye arusi Makorora. Mitambo ni ya shangazi yangu, mimi ni fundi wake tangu nilipomaliza shule. Usiku ulipoisha, tukiwa tunakunja nyaya, akaniita pembeni. Hakuwa na hasira, na ndiyo maana maneno yake yameniingia.

"Mwanangu, umewaona wanaotuza?"

"Nimewaona shangazi, walijaa."

"Umewaona wa mbele. Wa nyuma hakuinuka hata mmoja. Muziki wanausikia, maneno hawayasikii. Mtu atatuzaje fumbo ambalo halikumfika?"

Nimeamka na swali hilo. Taarabu ni maneno kwanza. Mtu huinuka na noti yake kwa sababu beti imemgusa, au imemgusa jirani yake. Mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star hauwezi kuwa na arusi ambayo beti zake zinaishia safu ya tano.

Sababu naijua, na naiandika hapa ili isipotee. Nguvu kubwa ya sauti ya mwimbaji iko kwenye irabu, chini ya kilohezi 1. Maana iko kwenye konsonanti, na nyingi kati yake ziko juu, kati ya kilohezi 2 na 8, tena ni dhaifu. Taa, paa, kaa, faa: tofauti yote ni mlio mmoja unaodumu sehemu chache za mia za sekunde. Ukimeza mlio huo umebaki na "aa". Maboksi yetu yana spika ya inchi 15 na honi ya sauti za juu, yametenganishwa kwa koili moja na kapasita moja ndani ya boksi. Mgawanyo huo ni mlegevu. Spika na honi zinatoa sauti ileile kwa upana mkubwa, na kuna mahali ukumbini zinapokutana zikiwa kinyume, zikauana. Zinapouana ndipo konsonanti zinapokaa.

Nimeamua: natengeneza prosesa ya kidijitali, kifaa cha kugawa na kurekebisha sauti kabla haijafika kwenye spika: viingilio viwili, vitokeo vinne. Kiingilio kimoja cha ala, kingine cha mwimbaji peke yake. Vitokeo: besi kubwa ya inchi 18, spika za inchi 15, honi, na spika za nyuma.

4 Juni

Kuchagua chipu. Nimerudi kwenye daftari la mwaka jana, nilipojaribu krosova, yaani kugawa sauti ili kila spika ipate sehemu yake, kwa chipu ya bei rahisi yenye hesabu za biti 16. Ilikataa kufanya kazi kwenye besi na sikuelewa kwa nini. Leo nimekaa na kalamu mpaka nimeelewa.

Kichujio cha kidijitali ni kuzidisha na kujumlisha tu. Unachukua sampuli ya sasa (sampuli ni kipimo kimoja cha sauti kilichoandikwa kwa namba) na mbili zilizotangulia, pamoja na majibu mawili yaliyopita, kila moja unaizidisha kwa namba yake, kisha unajumlisha. Namba hizo tano ndizo kichujio chenyewe. Ukitaka kichujio kinachopitisha besi chini ya hezi 100, huku sampuli ni 48,000 kwa sekunde, namba ya kwanza inakuwa takribani 0.0000424. Sasa, kwenye biti 16, ukiacha nafasi ya namba zinazokaribia 2 (na mojawapo ya zile tano inakaribia hasi 2), hatua ndogo kabisa unayoweza kuandika ni 1 gawanya kwa 16,384, yaani 0.000061. Namba niliyoitaka ni ndogo kuliko hatua ndogo kabisa. Ama inakuwa sifuri, na besi inanyamaza, ama inapanda hadi hatua moja kamili na kichujio kinakuwa kitu kingine kabisa. Mwaka mzima nililaumu nyaya.

ADAU1701, chipu ya sauti ya Analog Devices, inafanya hesabu kwa biti 28, tano za upande wa namba nzima na 23 za sehemu. Hatua yake ndogo ni 1 gawanya kwa 8,388,608. Namba yangu ileile inakaa humo kama hatua 356 hivi. Kuzidisha kunawekwa kwenye akiba ya biti 56, hivyo mabaki hayamwagiki njiani. Ndani ina viingilio viwili vya analogi na vitokeo vinne, sawasawa na ninachohitaji, na inafanya hatua 1,024 za programu kwa kila sampuli. Si chipu mpya wala si kubwa. Imenitosha kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo.

Nimeagiza tatu, endapo moja itaungua.

9 Juni

Mlango wa kuingilia. Hapa nimekaa siku nne, na sijutii, kwa sababu uchafu ukiingia kabla ya sauti kugeuzwa namba hakuna hesabu itakayoutoa.

Chipu hii haipokei volti moja kwa moja kama nilivyozoea kwenye amplifaya. Kiingilio chake kinapokea mkondo: maikroampea 100 ndiyo kikomo chake. Wewe unachagua rezista inayogeuza volti zako kuwa mkondo huo, na ndani ya chipu tayari kuna kiloomu 2. Kijitabu cha kiwanda kinapendekeza rezista ya kiloomu 18, jumla 20, hivyo kikomo ni volti 2. Hiyo ni kwa vifaa vya nyumbani. Miksa yetu, mpigaji kinanda akichangamka, nimeipima ikifika karibu volti 7.75.

Nimefanya hivi: waya wa miksa unaingia kwenye opampu (chipu ndogo ya kukuza au kupunguza volti) ya NE5532 inayopokea pande mbili za waya na kutoa tofauti yake, ikipunguza kwa nusu. Volti 7.75 inakuwa kama 3.87. Kisha rezista ya kiloomu 36 pamoja na 2 za ndani ni 38, na volti 3.8 juu ya kiloomu 38 ni maikroampea 100 kamili. Miksa na chipu sasa zinafika kikomo karibu pamoja. Kapasita ya maikrofaradi 10 katikati, kwa sababu mguu wa chipu unakaa kwenye volti 1.5 na haupendi kuvutwa.

Ukiweka rezista ndogo, mwimbaji akipaza sauti itakwaruza, na mkwaruzo wa kidijitali ni mbaya kuliko wa amplifaya ya zamani. Ukiweka kubwa mno, sauti inaingia chini sana na unapandisha uvumi pamoja nayo. Hakuna kuotea.

11 Juni

Nimepata transfoma iliyotolewa kwenye miksa iliyokufa, duka la vyuma chakavu Ngamiani. Inatoa pande mbili, inatosha volti 15 chanya na hasi za opampu. Volti 3.3 za chipu zitatoka kwenye regileta ya kawaida yenye bati la kupozea. Nimekataa zile bodi ndogo za kubadilisha umeme kwa kukatakata: ni baridi na hazili umeme, lakini kelele yake nimewahi kuisikia kwenye honi na sitaki tena. Volti 1.8 za moyo wa chipu inazitengeneza yenyewe kwa kuendesha transista moja ya nje.

17 Juni

Mchoro wa bodi umekwisha. Pande mbili za shaba. Upande wa chini nimeuacha wote uwe ardhi, bila kuukata. Nimesoma ushauri wa kutenga ardhi ya analogi na ya kidijitali kwa mfereji, na nimeona bodi za watu zilizokatwa hivyo, njia zikivuka mfereji na mkondo ukikosa pa kurudia. Nimependelea kupanga vitu kwa ujirani: sauti upande wa kushoto, saa na kumbukumbu upande wa kulia, umeme nyuma, na kila mkondo urudi kwao bila kupita uani kwa mwenzake. Kila mguu wa umeme wa chipu una kapasita yake ya nanofaradi 100, na nimeisogeza mpaka imegusana na mguu. Kapasita iliyo sentimita tatu mbali ni pambo.

Nobu nimeweka moja tu, ndani ya kasha. Mitambo ya arusi inapita mikononi mwa wengi, na kila nobu inayoonekana itazungushwa.

Nimetuma bodi zichongwe nje ya nchi. Nangoja.

29 Juni

Nikiwa nangoja, naandika programu kwenye SigmaStudio, programu ya kompyuta ya kupangia chipu hii. Unaunganisha visanduku kwa mistari, na chini yake inazaa namba.

Krosova nimetumia ile ya Siegfried Linkwitz na Russ Riley, ambayo Linkwitz aliiandika mwaka 1976 akiwa mhandisi wa Hewlett-Packard. Ni vichujio viwili vya aina ya Butterworth vinavyofuatana, kila upande. Kwenye sehemu ya kukutania kila spika iko desibeli 6 chini, yaani nusu ya volti, na pande zote mbili zinakwenda hatua moja. Nusu na nusu inakuwa nzima. Zaidi ya hapo kila upande unashuka desibeli 24 kwa kila oktava (kila masafa yanapozidi au kupungua mara mbili), hivyo spika na honi zinaongea pamoja kwa muda mfupi tu, kisha kila moja inabaki kwake. Nimegawa hezi 100 kati ya inchi 18 na inchi 15, na hezi 1,600 kati ya inchi 15 na honi.

Njia ya mwimbaji ina kichujio kinachokata chini ya hezi 120, maana hakuna neno la Kiswahili linaloishi huko, kuna kishindo cha maiki na upepo tu. Halafu nimeongeza jambo ambalo nina imani nalo kubwa. Sauti ya mwimbaji inapimwa wakati wote. Ikiingia, ala zinashuka desibeli 3 kwenye eneo la kilohezi 2 peke yake, na akinyamaza zinarudi taratibu. Udi na fidla hazipotei, zinampisha tu. Wapigaji wazuri wa zamani walifanya hivi kwa mikono yao: beti ikianza, wanalegeza. Mashine inakumbusha adabu hiyo pale ukumbi unapokuwa na makelele.

12 Julai

Bodi zimefika.

Kulehemu chipu yenye miguu 48, kutoka mguu hadi mguu nusu milimita, nimefanya asubuhi na mapema kabla ya joto, mkono ukiwa haujatoka jasho. Unashika pembe mbili kwanza, unahakikisha kwa kioo cha kukuzia kwamba pande zote nne zimekaa juu ya shaba yake, ndipo unapaka dawa ya kulehemia kwa wingi na kuburuta risasi upande mmoja kwa mkupuo. Dawa ndiyo inayofanya kazi. Kijana ninayemfundisha alishika taa muda wote bila kutikisika. Mwisho nilimpa upande wa nne aufanye mwenyewe, na umetoka safi kuliko wangu.

Volti zote zipo: 3.3, 1.8, na 1.5 kwenye mguu wa katikati. Hakuna kinachopata moto. Kristali ya megahezi 12.288 inatetemeka. Nimelala vizuri.

14 Julai

Sauti imetoka, lakini si sauti niliyoitaka. Ni nzito, kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Nikafikiri ni opampu, nikabadilisha zote mbili. Vilevile.

15 Julai

Nimeacha kubahatisha, nimepima. Nimetuma mlio mmoja mmoja kutoka kwenye simu na kusoma volti kwenye kila kitokeo. Spika ya inchi 15 na honi zinakutana kwenye hezi 800, si 1,600. Besi kubwa inakabidhi kwenye hezi 50, si 100. Kichujio cha mwimbaji kinakata chini ya 60, si 120.

Nimeiangalia orodha hiyo kwa muda mrefu. Vichujio vitatu tofauti, vyote vimegawanyika kwa mbili. Kosa la kichujio lingeharibu kimoja. Hili limegusa vyote kwa usawa, basi haliko kwenye vichujio. Kichujio cha kidijitali hakijui hezi hata moja, kinajua sampuli tu. Zile namba tano zinasema "kata kwenye sehemu fulani ya mwendo wa sampuli". Mwendo ukishuka nusu, kila kitu kinashuka nusu nao. Nikatuma mlio wa kilohezi 14 kuhakikisha. Kimya kabisa. Chipu inayochukua sampuli 24,000 kwa sekunde haiwezi kubeba chochote juu ya kilohezi 12, na hapo ndipo konsonanti zangu zilikuwa zimekatwa vichwa.

16 Julai

Nimeipata. Chipu ina miguu miwili inayoiambia uhusiano wa kristali na mwendo wa sampuli. Kwa kristali yangu, megahezi 12.288 ni mara 256 ya 48,000, kwa hiyo mguu mmoja unapaswa kuwa juu na mwingine chini. Kwenye mchoro wangu nimeipandisha yote miwili hadi volti 3.3, na hiyo ni lugha ya kusema mara 512. Chipu imetii: 12.288 gawanya kwa 512 ni 24,000.

Nimekata njia ya shaba kwa wembe na kuunganisha mguu mmoja na ardhi kwa unywele wa waya. Mlio wa kilohezi 14 ukatoka. Tukaweka sauti ya mwimbaji wetu niliyoirekodi kwenye simu, na kijana akasema, "Bwana, huyu amekaribia." Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ukutani, sasa yuko chumbani.

Jambo moja la kuandika kwa herufi nzito akilini: kwa siku mbili honi ilikuwa inalishwa kuanzia hezi 800, na honi ile imeundwa kuanzia 1,500. Iliyoiokoa ni kapasita ya maikrofaradi 30 niliyoiacha kwenye waya wake, ambayo kwa honi ya omu 8 inaanza kukata karibu na hezi 660, pamoja na kwamba nilipima kwa sauti ndogo. Kapasita hiyo inabaki hapo milele, hata prosesa ikiwa kamilifu.

22 Julai

Muungurumo wa hezi 50, mara tu prosesa, miksa na amplifaya zinapounganishwa pamoja. Kila kimoja peke yake ni kimya.

Kosa lilikuwa la kawaida na lina jina lake kwa wenyewe: tatizo la pini ya 1, yaani pini ya ngao kwenye jeki ya waya wa maiki, ambalo Neil Muncy alilieleza mwaka 1995. Ngao ya waya nilikuwa nimeilehemu kwenye ardhi ya bodi. Mkondo unaotembea kwenye ngao, kati ya kifaa na kifaa, ukawa unapita katikati ya nyumba ya sauti. Nimezitoa ngao zote kwenye bodi na kuzifunga kwa skrubu kwenye bati la kasha, pale pale waya unapoingia, na bodi imeshikana na kasha sehemu moja. Muungurumo umeondoka kama mtu aliyefungiwa mlango. Waya wa ardhi wa umeme sijaugusa. Nimewaona watu wanaoukata ili kuondoa muungurumo, na mwimbaji anashika maiki ya chuma mkononi. Huo si ufundi.

27 Julai

Spika za nyuma. Ua wa arusi wa kawaida huku kwetu una urefu wa mita 18 hivi kutoka jukwaani hadi safu ya mwisho. Mpango wangu ulikuwa kuweka spika mbili ndogo palepale mwisho, na kuzichelewesha ili sauti yake itoke wakati mmoja na sauti inayofika kutoka jukwaani. Bila kuchelewesha, mtu wa nyuma anasikia neno mara mbili, na neno lililosikika mara mbili ni kama halikusikika.

Usiku wa Agosti hapa sauti inakwenda kama mita 346 kwa sekunde. Mita 18 ni milisekunde 52, sawa na sampuli 2,497. Kumbukumbu ya data ya chipu ni sehemu 2,048 tu, na humo humo vichujio vyote vinataka pa kukaa. Haiingii.

Nilifikiria kuongeza chipu ya pili. Nilifikiria kutunza sampuli moja kati ya mbili kwa njia ya nyuma, ambayo ingekata kila kitu juu ya kilohezi 12, na baada ya yaliyonipata wiki iliyopita sikutaka kuisikia habari hiyo. Nikaenda uani kwa shangazi na futi kamba.

Suluhisho limetoka kwenye ardhi, si kwenye chipu. Spika za nyuma si lazima zikae nyuma. Nikiziweka mita 10 kutoka jukwaani, juu ya nguzo, zikitazama nyuma, zinaihudumia mita 8 iliyobaki bila taabu. Mita 10 ni milisekunde 28.9. Nikaongeza 10 za makusudi. Helmut Haas alionyesha kwenye tasnifu yake ya mwaka 1949 kwamba sauti ya pili ikichelewa kidogo, baina ya milisekunde 5 na 30 hivi, sikio linaziunganisha na kuamini zote zinatoka kule ilikotoka ya kwanza, hata kama ya pili ina nguvu zaidi. Nataka bibi aliyeko safu ya mwisho amwone mwimbaji na amsikie kutoka pale anapomwona, si kutoka kwenye nguzo iliyo karibu naye. Jumla ni milisekunde 38.9, sampuli 1,867. Zinabaki sehemu 181 kwa vichujio vyote. SigmaStudio imekubali.

Ile nobu moja ya ndani nimeipa kazi hii: kurekebisha umbali, kutoka mita 6 hadi 10.

2 Agosti

Limita ya honi, kizuizi cha sauti isizidi kiasi. Honi inabeba wati 50 kwa omu 8, yaani volti 20. Amplifaya inakuza mara 40. Basi kisizidi volti 0.5 kutoka kwa prosesa. Kitokeo changu kamili, baada ya opampu kukuza mara mbili zile volti 0.9 za chipu, ni 1.8. Volti 0.5 ni desibeli 11 chini ya hapo. Nimeiweka 12.

5 Agosti

Mluzi, ule unaozaliwa maiki ikisikia spika zake yenyewe. Tumefunga mitambo yote uani, tumepandisha maiki mpaka ikaanza kupiga, nikasoma masafa, nikakata kwa kichujio chembamba, tukapandisha tena. Wa kwanza ulikuwa karibu na hezi 630, nikaukata desibeli 6, haukuharibu kitu. Wa pili ulikuja hezi 2,500.

Huo nimekataa kuukata. Hapo ndipo zilipo t na k na ch, na kazi yote hii ya miezi miwili ni kwa ajili yake. Prosesa ingeutoa mluzi kwa sekunde moja na ingetoa maneno pamoja nao. Tumezisogeza honi mbele mita moja na nusu kuliko maiki, tumezigeuza kidogo nje, na nimemwomba mwimbaji aishike maiki karibu na mdomo. Mluzi wa hezi 2,500 haujarudi.

9 Agosti

Umeme ulikatika tukiwa kwenye majaribio, ukarudi baada ya dakika, na prosesa ikabaki bubu. Nikaizima na kuiwasha, ikaamka. Nikarudia mara ishirini: mara tatu ilikaa kimya.

Ikiwashwa, chipu inasoma programu yake kutoka kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu pembeni. Volti 3.3 yangu inapanda polepole kwa sababu ya kapasita kubwa nilizoweka, na prosesa inaanza kusoma kabla mwenzake hajawa tayari. Nimeongeza chipu ya mlinzi yenye miguu mitatu inayoishikilia prosesa kwenye usingizi mpaka volti itulie, na zaidi ya milisekunde 100 baada ya hapo. Nimewasha na kuzima mara mia moja, kijana akihesabu kwa chaki ukutani. Mia moja kwa mia moja. Arusi inayonyamaza katikati ya beti haisahauliki mtaani.

12 Agosti

Bodi imepakwa vanishi pande zote isipokuwa kwenye jeki. Upepo wa bahari hapa unaleta chumvi hadi ndani ya kabati. Nimefungua amplifaya za Raskazone ambazo shaba yake imegeuka kijani kwa mwaka mmoja.

17 Agosti

Jana, arusi Chumbageni. Ua mrefu, kama mita 20, mapaa ya mabati pande mbili. Tulifunga tangu alasiri. Nobu ya ndani nikaiweka mita 9, kulingana na nguzo ilipopatikana.

Ala zilipoanza, shangazi hakukaa mbele pamoja na wenye mitambo kama kawaida yake. Alichukua kiti cha plastiki akaenda safu ya mwisho, karibu na masufuria ya pilau, akakaa na wanawake wa jikoni. Nilikuwa nyuma ya miksa, na kila nikiinua macho namwona, mkono shavuni, anasikiliza.

Nyimbo mbili za kwanza nilirekebisha vitu viwili. Besi kubwa niliishusha desibeli 2, mabati yalikuwa yanaitikia. Na kule kupisha kwa ala nilikuwa nimekuweka kwa haraka mno, fidla ikawa inapumua, inashuka na kupanda. Nikapunguza kasi ya kurudi hadi nusu sekunde.

Wimbo wa tatu ulikuwa wa mafumbo. Beti ya pili ilipokwisha, vigelegele vya kwanza vilitoka nyuma. Nikageuka. Mama mmoja mwenye kanga ya rangi ya machungwa alikuwa amesimama, ameshika noti juu, anapita katikati ya viti akicheza polepole, na nyuma yake mwingine, na nyuma yake wawili wa jikoni na aproni zao. Walitembea ua mzima, mita 20 zote, mpaka jukwaani. Wa mbele walilazimika kuvuta miguu kuwapisha.

Shangazi hakusema kitu. Wakati wa kufunga nyaya alinipita, akasimama, akairudia ile beti ya pili yote kwa sauti ndogo, neno kwa neno, kisha akaendelea kuhesabu maiki zake.

Vipimo vya jana vimehifadhiwa kwenye kumbukumbu na nimevibandika kwa karatasi ndani ya mfuniko. Bodi ya pili naanza kuilehemu kesho, ile njia ya miguu miwili nimeshaisahihisha kwenye mchoro.